Mpare Mmoja, Mashine Moja na Makosa Yangu Mawili

Kazi yangu ni kusoma matusi. Nasema hivyo waziwazi, kwa sababu nikisema "mhakiki wa maamuzi ya akili bandia" ndugu zangu wa Tanga wananipa pole wakidhani ni jina la ugonjwa. Naingia ofisini Braamfontein, hapa Johannesburg, saa mbili asubuhi, ghorofa ya tatu, nakaa kwenye kiti chenye magurudumu, namimina chai ya tangawizi niliyobeba kwenye chupa, halafu naanza kusoma jinsi Waswahili wanaoishi Ulaya wanavyotukanana. Wanatukanana vizuri, jamani. Siku nyingine nasahau kama niko kazini.

Habari yenyewe ni hii. Ulaya wana sheria inayoibana mitandao. Mtu akiandika chuki au vitisho, mtandao unatakiwa uyaondoe maneno hayo upesi. Na kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kusoma kila upuuzi unaoandikwa duniani, imewekwa mashine ya akili bandia isome. Mashine ikikushika inafuta ulichoandika, na ikikasirika zaidi inafunga akaunti yako nzima. Lakini sheria hiyohiyo inasema aliyefutiwa aambiwe sababu, na ana haki ya kulalamika, na malalamiko yake yasiamuliwe na mashine peke yake. Lazima awepo mtu. Basi huyo mtu, kwa upande wa Kiswahili, ni mimi. Sheria imetungwa kwa Wazungu, mashine iko sijui wapi, na anayesema nani kaonewa ni mwanamke wa Kichaga aliyekulia Tanga, amekaa Johannesburg na chupa yake ya chai.

Mashine hiyo sisi tuliiita Mkwe. Imeingia kwenye nyumba ya Kiswahili bila kujua desturi hata moja, na bado tunatakiwa tuiheshimu. Mkwe anapaka rangi. Kijani ni salama, njano ni ya kuangaliwa, nyekundu ni hatari. Mama kaweka picha ya mjukuu mwenye mashavu manono, kaandika "huyu nitamla mzima mzima," Mkwe nyekundu: ulaji wa watu. Mashabiki wa mpira wameandika "Jumamosi tunawazika, njooni na sanda zenu," nyekundu. Dada mmoja kaambiwa na rafiki yake "umetuua na hilo gauni, muuaji mkubwa wewe," nyekundu tena, na Mkwe kaandika pembeni kwamba huenda kuna vifo. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Kando yangu alikaa mwenzangu, Mkongo wa Lubumbashi, mzee wa kanisa, mtu wa suruali iliyonyooka na miwani inayofutwa kila baada ya dakika tano. Nilimwita Papa, yeye aliniita Mama, ingawa nadhani tumelingana umri. Sisi wawili tu ndio tuliokuwa Waswahili wa ofisi nzima. Papa alikuwa mkali kuliko Mkwe. Kwao, alisema, mtu akitukana ametukana, hakuna cha kucheka.

"Mama, ile haiko mchezo," alikuwa akiniambia, akinyoosha kidole kwenye skrini yangu, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "njo" ni "ndiyo". "Ile njo matusi."

"Papa, hao ni mashabiki wa mpira."

"Wanasema watazika watu!"

"Watawazika kwa magoli."

"Basi waseme magoli."

Juu yetu alikuwepo bosi wetu, mwanamke wa Soweto, mpole, asiyejua Kiswahili hata neno moja, na juu yake alikuwepo mkaguzi huko Ulaya ambaye hatujawahi kumwona sura. Mkaguzi alichukua baadhi ya maamuzi yetu na kuyapima upya. Akikuona umekosea, unaandikiwa kosa. Makosa matatu, unafungasha. Hapakuwa na maonyo wala kikao, ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba na nilitia sahihi mwenyewe kwa kalamu yangu.

Mimi nilikuwa nayo mawili. La kwanza ni la wale mashabiki wa sanda, na mpaka kesho nasema nimeonewa. La pili, hapo sina la kujitetea. Mke mkubwa mmoja alimwandikia mke mdogo mipasho mirefu, yenye vina, mistari imekaa imetulia, kila neno linachoma mahali pake. Nikapitisha. Nilipoulizwa kwa nini, ukweli ni kwamba nilikuwa nimeufurahia utunzi. Yule mke mdogo alikuwa analia huko aliko, na mimi huku natikisa kichwa kwa raha. Nilistahili lile kosa.

La tatu nililiogopa sana, na niseme kwa nini. Kabla ya kazi hii nilisuka nywele Joubert Park, kandokando ya barabara, nimesimama kutwa nzima, mvua yangu, jua langu, na askari wa jiji wakitokea tunabeba viti na mteja kasukwa nusu kichwa anatufuata nyuma akipiga kelele. Miaka tisa. Na katika miaka hiyo yote Kiswahili changu hapa mjini kilikuwa cha kunong'ona. Binti yangu, aliyezaliwa hapahapa, nikimwita kwa Kiswahili mbele ya wenzake ananijibu kwa Kizulu, kana kwamba nimetoka na nguo ya ndani. Halafu siku moja watu wakaniambia, mama, Kiswahili chako tunakitaka, njoo ukae kwenye kiti. Kwa hiyo nilikuwa tayari kufanya lolote nisirudi barabarani, na ndiyo maana bado najiuliza shetani gani alinipitia.

Faili lilikuja Jumanne. Majina tunafichwa, tunaona namba tu, na nchi, na umri. Huyu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mji fulani wa baridi huko Ulaya. Mkwe alikuwa amempaka nyekundu tatu kwa posti moja na kumfungia akaunti. Posti yenyewe ilikuwa na picha ya mzee mwingine, kavaa koti zito la kijivu, anacheka, pengo la jino linaonekana. Chini yake pameandikwa:

"Afadhali umekufa, mwizi mkubwa wewe. Sasa nitalala mlango wazi. Enyi mnaomzika, kabla hamjamfukia mdondosheeni sarafu sikioni, Mchaga akisikia sarafu anafufuka. Asipofufuka mfukieni chini sana. Nami nitakuja kumfukua nichukue koti langu."

Mkwe alikuwa ameandika sababu zake: kushangilia kifo, kutukana kabila, kutishia kufukua maiti. Na ukiisoma kama Mkwe, hana kosa.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaweka kikombe chini. Nilijua ni nini hata kabla sijafungua malalamiko, na malalamiko yalipofunguka nikapata uhakika, maana yalikuwa na vifungu. Kifungu cha kwanza, kifungu cha pili, kifungu cha pili kidogo cha (b). Aliinukuu sheria ya Ulaya kuliko tulivyofundishwa sisi. Aliandika kwamba yeye ni Mpare wa Same, kwamba marehemu alikuwa mtani wake, kwamba kumtukana marehemu siku ya maziko ni wajibu wake, na kwamba asingefanya hivyo ndugu wa marehemu wangemshitaki kwa wazee.

Kwa asiyejua nieleze kidogo. Wachaga na Wapare ni watani. Maana yake, Mpare ana ruhusa ya kuniita mwizi mbele ya mchungaji na mimi nina ruhusa ya kumwambia ubahili wake umemkondesha, na hakuna anayekasirika, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Msibani ndipo utani unapofanya kazi kubwa. Watu wanalia, mjane hajala siku mbili, mtani anaingia kavaa kofia ya marehemu, anaigiza anavyotembea, anadai hazikwi mtu mpaka apewe jogoo. Mjane anacheka bila kutaka. Akishacheka, anakula. Nilipomzika baba yangu kule Tanga, Mpare mmoja alilala chali kaburini akasema nafasi hii ameshaiwahi yeye, Mchaga atafute pengine. Mpaka leo nikikumbuka siku ile namkumbuka yeye kwanza.

Sasa mzee huyu, kule kwenye baridi, hakuweza kurudi nyumbani kwenye mazishi. Akafanya utani wake mtandaoni, na Mkwe akamfunga mdomo.

Uamuzi ulikuwa mwepesi: akaunti irudishwe. Nikabonyeza. Kisha likatokea sanduku dogo, lile la kuandika sababu kwa lugha ya mlalamikaji. Kinachoandikwa humo kinatumwa kwake kama barua. Nilijua hivyo, sitaki mtu anitetee kwamba sikujua. Nilitakiwa niandike mstari mmoja mkavu wa kiofisi. Lakini Mpare amesema Mchaga ni mwizi, Mchaga yuko palepale anasoma, halafu anyamaze? Kunyamaza ndiyo ingekuwa dharau. Mkono ukaenda wenyewe:

"Akaunti irudishwe. Haya ni maneno ya watani msibani, si chuki. Mlalamikaji ni Mpare, na Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tusipomrudishia atatufuata Johannesburg kwa miguu, na viporo vyake mfukoni, maana chakula cha njiani hatanunua. Poleni majirani zake. Aliyeamua: Mchaga."

Nikatuma. Nilijisikia vizuri sana, kwa muda wa siku mbili.

Alhamisi bosi akaniita. Alikuwa ameshika tama. "Eish," alisema. "Kuna jambo sijawahi kuliona. Mashine imekukamata wewe."

Kumbe Mkwe anasoma na barua zinazotoka! Hakuna aliyetuambia. Alikuwa ameipaka barua yangu nyekundu: kutukana kabila la mtumiaji, kumdhihaki mzee, lugha isiyofaa kwa mtoa uamuzi. Mimi niliyewekwa kuisimamia mashine, mashine imenisimamia.

"Hili ni kosa la tatu?" niliuliza.

"Mashine haiwezi kuamua peke yake," bosi alisema. "Hata kwako wewe. Lazima mtu asome." Akaigeuza skrini yake kwangu. "Na anayesoma Kiswahili, zaidi yako wewe, yuko mmoja."

Tuligeuka wote wawili tukamwangalia Papa kupitia kioo. Alikuwa anafuta miwani.

Nataka niwe wa haki kwa Papa. Mtu mwingine angenitetea tu kwa sababu tunakaa pamoja na namgawia chai. Yeye alivuta kiti, akaisoma barua yangu mara tatu midomo ikichezacheza, akakunja mikono.

"Mama, nisikudanganye. Ile njo matusi."

"Papa, ni utani!"

"Umemuita bahili."

"Ni Mpare!"

"Ndiyo, umerudilia tena, mbele ya bosi." Akamgeukia bosi na kumfasiria kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza, naapa, ilisikika vibaya mara mbili. Bosi akaweka mkono mdomoni.

Nikaanza kueleza. Nilieleza kofia ya marehemu, nikaeleza jogoo, nikaeleza Mpare aliyelala kaburini mwa baba yangu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo macho yao yalivyozidi kuwatoka. "Alilala ndani ya kaburi?" bosi aliuliza. "Na hamkumwitia polisi?" Papa naye akasema kwao mtu akiingia kaburini wakati wa kilio hatoki mwenyewe, anatolewa na anapelekwa hospitali.

"Kwa hiyo kwenu hakuna utani?" nilimuuliza.

"Kwetu iko heshima," alisema Papa.

Hapo nilikasirika, sifichi. Nilimwambia maneno ambayo Mkwe angeyasikia angeungua. Papa aliniacha nimalize, akavaa miwani, akasema kwa upole kitu ambacho mimi, kwa hasira zangu, sikukifikiria. "Mimi siko Mchaga, siko Mpare. Mashine pia haiko. Mwenye kutukanwa ni yule mzee. Tumuulize yeye kama ameumia."

Bosi akasema sharp, yaani sawa, hilo linakubalika. Mzee atatumiwa fomu: je, umeridhika na namna ulivyojibiwa? Akisema ameumia, ni kosa la tatu. Akisema hakuumia, basi yameisha.

Nikarudi nyumbani Rosettenville nikijua nimekwisha. Maana fikiria unampelekea Mpare fomu ya malalamiko! Mpare! Afadhali ungempelekea mlevi ufunguo wa baa. Hata kama hakuumia, atalalamika kwa ajili ya afya yake. Nilimwambia binti yangu labda nitarudi kusuka. Aliniuliza, kwa Kiingereza, nimefanya nini. Nikamwambia nimemtania Mpare. Akauliza Mpare ni nini. Nikamtazama yule mtoto, damu yangu kabisa, hajui hata kwamba dunia hii ina Wapare, na nikaona uchungu mkubwa kuliko wa kazi.

Tulingoja siku nane. Papa, ambaye naye anaishi Rosettenville mitaa miwili kutoka kwangu, kila asubuhi alipita kwenye duka la mikate la Wareno akaniletea mkate wa moto. Aliniambia kanisani kwao wameniombea. Nikauliza wameomba vipi. Akasema wameomba kwa ajili ya mama mmoja mwenye mdomo. Nikala mkate wake bila kumshukuru, kisha nikamshukuru.

Siku ya tisa jibu lilifika. Bosi aliifungua fomu. Pale penye nafasi ya mistari mitatu palikuwa na kiambatisho. Alisogeza kurasa kwa kidole, akasogeza, akasogeza. "Eish, huyu mtu," alisema, akampa Papa asome na kufasiri. Mimi nikakaa kwenye kiti changu chenye magurudumu nikijua ni mara ya mwisho.

Papa akakohoa. "'Kichwa cha habari: Malalamiko Rasmi.'"

Nikafumba macho.

"'Kifungu cha kwanza. Mchaga aliyeamua amedai niliuza ng'ombe kwa sababu ya kuku. Ni kweli. Kesi nilishinda na kuku nilirudishiwa, ingawa alikuwa amezeeka. Kifungu cha pili. Amedai nitabeba viporo. Ni kweli, na huo ndio uchumi. Kifungu cha tatu. Amewapa pole majirani zangu. Hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanza.'"

Papa alifuta miwani, akaendelea, na safari hii alisoma polepole.

"'Majirani zangu ni watu wema. Wananisalimia kwa heshima. Daktari ananiheshimu, mwenye duka ananiheshimu, watoto wangu wananiheshimu kwa simu kila Krismasi. Mtu pekee aliyenitukana katika nchi hii ni yule Mchaga mliyeona picha yake. Alinipigia kila Jumamosi asubuhi kunitukana, miaka ishirini na sita. Koti alilovaa nilimwazima baridi ya kwanza, akakataa kurudisha ili nipate la kumdai. Tangu azikwe simu yangu haijalia Jumamosi. Barua yenu ilipofika niliisoma nimesimama jikoni. Nilicheka, jirani akagonga ukuta. Halafu nikakaa chini, nikalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.'"

Bosi alisema, "Ngoja." Akatafuta kitambaa kwenye mkoba. Mimi nilikuwa nimeshatumia mkono wa blauzi.

"'Kifungu cha nne, malalamiko yenyewe,'" Papa akasoma. "'Tusi lilikuwa moja na lilikuwa fupi. Mtani aliyeelimika angefika ukurasa wa pili. Naomba mhusika aonywe afanye bidii. Kifungu cha tano. Fomu yenu inanuka harufu ya kufukuza mtu. Mkimwondoa Mchaga huyo, nakata rufaa. Mkinikatalia rufaa, naenda mbele zaidi. Nina muda, nimestaafu, na ng'ombe bado wapo.'"

Bosi akapangusa macho, akaangalia zile kurasa, na nilimwona akizihesabu kichwani zikiongezeka. Akasema hataki kumsikia huyu mzee mahakamani hata siku moja. Kosa halikuandikwa. Nikabaki na mawili yangu.

Ikabaki kazi ya Papa ya kujaza uamuzi wake kwenye faili langu. Nilichungulia. Alikuwa ameandika: "Ni matusi. Yaachwe."

Ungedhani yameisha. Mwezi uliofuata faili likaja, namba ileile. Mzee ameandika tena kwenye picha ya marehemu, amemuuliza kama huko ahera ameshafungua duka. Mkwe nyekundu. Mzee kalalamika, vifungu sita. Nikamrudishia posti yake na nikamjibu kwa mstari mmoja na nusu, nimejibana. Mwezi wa pili tena. Wa tatu tena. Nikaelewa. Kuwasiliana na mtumiaji nje ya kazi ni marufuku, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Njia ya halali ilikuwa moja tu: atukane, mashine imfute, alalamike, atukanwe. Alikuwa ameigeuza sheria yote ya Ulaya kuwa simu yake ya Jumamosi.

Kuna mwezi niliumwa, faili likaangukia kwa Papa. Nilirudi nikakuta amejitahidi. "Wewe uko mtu mubaya," alikuwa amemwandikia, "lakini Mungu anakupenda." Mzee alilalamika kurasa nne.

Halafu Mkwe akajifunza. Ndiyo kazi yake, anajifunza kwa maamuzi yetu, na bosi alitangaza kwa furaha kwamba sasa mashine inautambua utani wa msibani. Walitupongeza Papa na mimi, tukaletewa keki. Nilikula keki ile nikiwa sijafikiria chochote. Mwezi ukapita, namba ya mzee haikuja. Wa pili ukapita.

Kila Jumatatu tunapewa posti chache ambazo Mkwe amezipitisha, kuhakikisha hajaachia sumu. Jumatatu hii, ya tano kwenye orodha, nikaiona ile picha: koti la kijivu, pengo la jino. Kijani safi. Chini yake:

"Mchaga, baridi imerudi na koti langu uko nalo huko chini. Mwezi uliopita nimekutukana, mwezi huu nimekutukana, hakuna wa kunifuta. Hata mashine imeanza kuniheshimu."

Niliisoma mara mbili. Chai ikapoa. Papa alikuwa ameinama upande wangu, naye ameisoma.

"Mama," alisema, "ile iko kijani. Iko muzuri kabisa. Mkaguzi ataona."

"Najua."

"Uko na makosa mawili."

"Najua, Papa."

Papa akakizungusha kiti chake kuelekea dirishani, akawa anaangalia magari yaliyosimama kwenye robot, zile taa za barabarani, kama mtu asiyejua lolote linaloendelea nyuma yake.

Nikabonyeza nyekundu. Sanduku likafunguka, na safari hii sikujibana hata kidogo, nilifika ukurasa wa pili. Nilimwambia koti lenyewe lilikuwa baya tangu dukani, ndiyo maana aliliazimisha. Nilimwambia marehemu alikufa ili apumzike kusikia vifungu vyake. Nilimwambia mengi. Mwisho, kama sheria inavyotaka, nikaandika: "Posti yako imefutwa kwa sababu Mpare analialia hadharani. Una haki ya kulalamika. Usichelewe."